Kofia Hii Kashona Nani?

Katika kipindi kilichopita tulicheka sana na ule mchezo wa "mtaa gani": Waswahili wawili wasiojuana wanakutana Maskati, Dubai au London, dakika ya kwanza wanaulizana hali, ya pili wanaulizana mtaa, ya tatu wameshakuwa ndugu. Wengi mmetuletea visa vyenu, na karibu kila kimoja kinamalizikia kwa maneno yale yale: yaani dunia ndogo!

Mimi nataka kubisha kidogo. Dunia ni kubwa, bana. Muulize aliyevuka kutoka Pemba mpaka Mombasa kwa dau, usiku, bila taa. Ila ina njia zake, na baadhi ya njia hizo zimeshonwa kwa sindano. Leo tufuate moja, inayopita Sidab.

Kwa wale wasioijua, Sidab ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya majabali na bahari, dakika chache kwa gari ukitoka Maskati ya zamani, kabla hujafika Haramil na Al Bustan. Maskati ile ilikuwa na kuta na malango, na mpaka 1970 malango yalikuwa yakifungwa saa tatu baada ya jua kutua. Atakayetembea usiku lazima abebe taa. Sidab ilikuwa nje ya kuta, na watu wake wakiishi na bahari yao. Siku hizi kuna bandari ya boti za anasa pembeni, lakini jioni watoto bado wanacheza mpira ufukweni na mashua bado zinavutwa juu mchangani.

Kwenye kazi za mikono pia Sidab ina jina lake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna kikundi cha ushoni cha wanawake wa hapo, wanatengeneza mikoba, foronya za mito na zawadi nyengine, na wageni wanawafuata. Mama yangu mdogo si mmoja wao. Yeye ameolewa Sidab, na biashara yake ni kitu kimoja tu: kofia za mkono. Anaziuza sebuleni kwake, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheusi ili weupe wa kofia uonekane, na siku za maonyesho anabeba meza yake na kwenda.

Kwa Kiarabu cha huku kofia hiyo ina jina lake rasmi. Jina hilo sitaliandika, na kila aliyelelewa kwenye nyumba ya Kiswahili anajua kwa nini. Nimemuona mjomba wangu, mtu mzima, mkuu wa idara, anazunguka duka zima Matrah akionyesha kichwa chake kwa kidole ili mradi asilitamke mbele ya mama yake. Sisi tunasema kofia, basi.

Sasa, kofia inashonwaje? Ina vipande viwili: duara la juu na mshipi unaozunguka kichwa. Kitambaa ni cheupe, kimekunjwa mara mbili. Nakshi inachorwa kwanza kwa penseli. Kisha yanatobolewa matundu madogo madogo, na kila tundu linazungushiwa uzi ukingoni mpaka likawa jicho lisilofumuka. Matundu hayo ni mamia, na ndiyo yanayopitisha upepo kichwani, jambo ambalo mwezi wa Juni hapa Maskati si la urembo. Baina ya matundu kuna mishono inayozibana zile tabaka mbili, na hiyo ndiyo inayoifanya kofia isimame. Ikifuliwa inatiwa wanga na kuvalishwa kitu cha mviringo mpaka ikauke. Kwetu lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ole wako ulitupe kopo lile.

Kofia nzuri inakula wiki nyingi, nyengine miezi. Si kwa sababu mshonaji ni mvivu. Hashoni mchana kutwa: anashona akishapika, baina ya adhuhuri na alasiri, watoto wamelala, au jioni uani na wenziwe, macho kwenye uzi na masikio kwenye habari za mtaa. Na mara nyingi kofia moja haishonwi na mtu mmoja. Kwenye kazi anazoletewa mama mdogo, mmoja anachora, mwengine anashona mshipi, mwengine duara, na mwengine tena anaunganisha. Kisha kuna yule anayezikusanya Unguja na Pemba, na yule anayepanda nazo ndege kuja Maskati, zimepangwa moja ndani ya nyengine kama vikombe vya kahawa.

Kwa kuwa kazi imepita mikono mingi, lazima ijulikane nani alipwe nini. Kwa hiyo ndani ya mshipi, upande unaogusa paji la uso, utakuta herufi mbili au tatu za penseli. Hizo ni hesabu. Zishikeni herufi hizo, tutazirudia.

Tuanze mbali kidogo, kwenye kitambaa. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala Maskati na Unguja pamoja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Meli za Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, zikawa zinakuja Unguja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na zinashusha vitambaa vya pamba kutoka viwanda vya kwao. Watu wa Pwani wakakiita kitambaa hicho kwa jina la kilikotoka: merikani. Mpaka leo bibi yako akisema merikani anakusudia kitambaa, nchi ina mambo yake mengine.

Na upepo mnaujua. Kaskazi inavuma kuanzia kama Disemba mpaka Machi, na majahazi ya Sur, Matrah na Maskati yalishuka nayo kuja Unguja na tende, papa na nguru wakavu. Kusi ikigeuka yanapanda kurudi na boriti za mikoko, nazi na karafuu. Hiyo ni shehena ya nahodha na wenye mali. Lakini Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939 akaja kuandika kitabu cha Sons of Sindbad, anaeleza kuwa kila baharia naye alikuwa na sanduku lake na biashara yake ndogo humo ndani. Mimi nikiisoma habari ile naona kofia. Kofia ni bidhaa ya sanduku hasa: nyepesi, haiozi, haivunjiki, na ukikosa mnunuzi unaivaa mwenyewe. Mwaka 1861 Waingereza waliuamua ugomvi wa watoto wa Seyyid Said kwa kuzitenga Oman na Unguja ziwe dola mbili, lakini masanduku hayakusoma hukumu ile. Waomani wengi wenyewe wanakiri kuwa kofia hii imewajia kutoka Pwani ya Afrika Mashariki. Lamu wanayo, Wangazija wanayo, Barawa wanayo, kila mji na mkono wake.

Kuna upande wa kofia ambao hatuusemi sana barazani, nao lazima niuseme. Zama za utumwa, Unguja, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu. Kichwa kitupu kilikuwa ni alama, ukimuona mtu kwa mbali unajua. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, na Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha 2001, anaonyesha kuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa walivyovivaa wanaume walioachwa huru ni kanzu na kofia. Hebu mfikirie mtu wa miaka arobaini, anajiangalia kwenye kioo au kwenye maji ya ndoo, kichwani ana kofia, mara ya kwanza katika umri wake. Na kofia ile kaishona nani? Vichwa viliongezeka, basi na sindano ziliongezeka, na si zote zilikuwa za mabibi wa majumba makubwa.

Kwa hiyo anapokuja mtu kuniambia kofia ni vazi la Waarabu walilowavisha Waswahili, au mwengine akanigeuzia kinyume chake, mimi nasikiliza tu mpaka amalize. Nikitazama kofia ya babu yangu naona watu wote wale wamo, na hawakuwa wamekaa sawa.

Halafu ikaja 1964. Kuna nyumba ambazo mwaka huo hautajwi mpaka leo, na nyengine hautajwi mwengine ila huo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari watu waliuawa, watu walifungwa, na waliobahatika walitawanyika: Dar es Salaam, Mombasa, Cairo, Kuwait, Dubai, Uingereza. Walioondoka waliondoka na walichokivaa. Cheti cha nyumba hakikuwa na faida tena, na shamba la mikarafuu halibebeki. Sindano inabebeka. Bibi yangu alishona Kibokoni, Mombasa, miaka saba, kwenye chumba kimoja na watoto wanne, na karo ya mama yangu ilitoka kwenye matundu yale. Hakuwahi kuita kazi ile "ufundi" wala "sanaa". Aliita "kibarua changu".

Waliobaki Unguja na Pemba nao walishona. Miaka ile ya mwanzo, vitu madukani ni vya kupanga foleni na safari ni za kuomba ruhusa, kofia ilikuwa kitu ambacho mwanamke anaweza kukigeuza pesa bila ya kutoka mlangoni kwake.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala Oman, akawaita walioko nje warudi. Wengi waliokuja kutoka Afrika Mashariki walikuwa na elimu na Kiingereza, na nchi ilikuwa inafungua shule, hospitali na wizara kwa mara moja, kwa hiyo wakapata kazi upesi. Kiarabu chao kilichekwa, msije mkadhani ilikuwa asali tupu. Wazee wetu waliitwa "Zinjibari", na haikuwa kila mara kwa mapenzi. Lakini kichwani walikuwa na kitu ambacho wenyeji wanakijua na kukitaka. Vazi la Oman likapangiwa utaratibu wake: kazini serikalini na kwenye shughuli rasmi ni kilemba, na kofia ni ya sokoni, barazani, msikitini, nyumbani. Maana yake ni kuwa kila mwanamume, tangu mtoto wa miaka mitatu, anataka kofia, tena zaidi ya moja. Mkono wa Wete na wa Makunduchi ukapata vichwa vya nchi nzima.

Sasa turudi kwenye herufi.

Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Idi, nilikuwa Sidab nikimsaidia mama mdogo. Kazi yangu ni kutia kofia kwenye mifuko na kupokea pesa. Akaingia mzee mmoja na mjukuu wake, mwalimu mstaafu, amesomesha Maskati tangu 1972. Kwa Kiarabu akataka kofia ya mtoto. Mama mdogo akamtolea tatu. Yule mzee akaichukua moja, akaipindua ndani nje kama wanunuzi wote wanaojua kazi wanavyofanya, maana uso wa kofia unaweza kudanganya, mgongo haudanganyi. Akaona herufi.

"Hizi nini?"

Mama mdogo akamueleza, alama ya mshonaji, ajulikane wa kulipwa. Alieleza kwa Kiarabu, lakini alipofika kwenye neno mshonaji likamtoka kwa Kiswahili.

"Aa! Kumbe weye wa kwetu!" Na hapo mjukuu akavuta kiti akakaa, maskini, alijua siku imekwisha.

Yakaanza. Wa wapi? Unguja, Mkunazini. Na mshonaji? Pemba. Pemba wapi? Wete. Wete wapi? Hapo mama mdogo akasema, "Ami, hapo sijui tena, mimi namjua kwa simu tu." Akampigia yule mama wa Unguja anayezikusanya. Yule akacheka, akasema huyo bibi baba yake alikuwa na chuo cha Kurani, na akaitaja nyumba ilipo.

Mzee aliweka kofia chini mezani, polepole. Akasema, "Mimi nimesoma chuo hicho."

Alikuwa ameondoka Wete mwaka 1965, ana miaka kumi na saba, kwa dau mpaka Mombasa, na hajarudi. Mshonaji alimkumbuka: kitoto cha miaka mitano au sita kilichokuwa kikikaa mlangoni mwa chuo na kazi yake ni kumtungia mama yake uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya mama yameshachoka. Tukapiga wasapu ya picha. Upande wa pili akatokea bibi na miwani yake, mtandio wa kijani, nyuma yake ukuta wa rangi ya samawati. Hakumkumbuka mzee hata kidogo. Lakini aliijua nyumba yao, alimjua mama yake, na alijua mama huyo amezikwa wapi. Hilo mzee alikuwa halijui. Dakika kumi nzima za mwanzo zilikwenda kwa maiti: fulani je? Kafa. Na nduguye? Naye kafa. Rehema za Mungu ziwashukie. Mimi na yule mjukuu tulikuwa tunatazamana tu.

Kisha bibi akamuuliza, "Msahafu ulihitimu?"

"Sikuwahi. Niliondoka nimefika Yasin."

"Basi hitima ya baba hukuitoa. Unadaiwa!"

Wakacheka wote wawili mpaka mzee akavua kofia yake akajipangusa nayo uso.

Mtu atasema, haya, si ndiyo hiyo dunia ndogo? Tazameni lakini ilivyokwenda. Bibi alishona kwa sababu mama yake alishona. Kofia ilikuja Maskati kwa sababu huku vichwa vinaitaka, na vinaitaka kwa sababu ya masanduku ya mabaharia na ya wakimbizi wa 1964. Mzee aliipindua kwa sababu alikua na watu wanaojua kuipindua. Na aliuliza kwa sababu palikuwa na herufi, na herufi zilikuwepo kwa sababu kuna mtu anangojea ujira wake. Bahati ipo, siikatai, mlango alioingia ungeweza kuwa mwengine. Lakini njia yenyewe ilikuwa imeshapasuliwa, na walioipasua wengi ni wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa pale, kwa penseli, ndani ya mshipi, mpaka kofia ifuliwe.

Kinachonitia wasiwasi ni hiki. Kofia ya mashine unaipata Matrah kwa riali chache. Ya mkono iliyo nzuri inafika makumi ya riali, na inangojewa. Simlaumu anayenunua ya mashine. Mwanafunzi anataka kofia tatu na baba yake ana wana wanne. Mimi mwenyewe kaka yangu anazo kabati zima. Lakini ipindueni moja mtazame: hamna herufi, kwa sababu hamna wa kulipwa unayeweza kumpigia simu. Na huko Wete, bibi yule ana wajukuu watano wa kike na anayejua kushona tundu ni mmoja. Nilipomuuliza kwa nini wengine hawataki, hakulalamika. Alisema kwa pesa ile, na macho yanavyochakaa, hata yeye hawalazimishi. Anayetaka kofia za mkono ziendelee, alisema, aongeze bei, asiongeze sifa.

Sikuwa na jibu. Mama mdogo aliongeza bei mwezi uliofuata. Wateja wawili walinung'unika, mmoja hakurudi.

Mzee alinunua ile kofia ya mjukuu, akaagiza na yake mwenyewe, namba kumi na moja, nakshi aichague bibi. Akataka kutuma pesa zaidi ya bei, ndiyo iwe hitima. Bibi akakataa: bei ya kofia ni bei ya kofia, na hitima ni hitima, inatolewa kwa mkono, mtu amekaa kwenye mkeka, na mkeka upo Wete. Maskati na Unguja siku hizi kuna ndege ya moja kwa moja, na kutoka Unguja mpaka Pemba ni boti. Mzee anasema goti halimruhusu. Mjukuu anasema goti ni kisingizio, babu anaogopa tu, na kwamba yeye yuko tayari kumpeleka skuli zikifungwa.

Niliuliza juzi kofia imefika wapi. Mshipi umekwisha, na penseli haijafutika. Duara bado.